Siga kali ya Honduras imenizidi nguvu, nakosea wapi?

Kijana wa Himbi, Goma: Wakubwa, shemeji ameniletea siga tatu za Honduras, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa. Jana jioni niliwasha moja barazani, nikitazama ziwa. Kwanza pilipili manga puani, halafu ngozi na kahawa chungu. Utamu ajabu! Kufika nusu, kijasho chembamba, kichwa kinazunguka.

Mzee wa Birere: Mwanangu, ulikuwa umekula? Ile haivutwi na tumbo tupu. Shiba fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwanza. Moshi uishie mdomoni, usiumeze. Vuta mara moja kwa dakika. Ukiharakisha, inapata moto na utamu wote unapotea. Kizunguzungu kikija, lamba sukari.

Mama wa Katindo: Ukali unatokana na ligero, majani ya juu ya mche yanayopigwa sana na jua. Huwa mazito, yana mafuta na nikotini nyingi, na huungua polepole, ndiyo maana huwekwa katikati ya siga. Huko Danlí, mji wa siga wa Honduras, wanayajua vizuri. Mimi huisindikiza na jibini ya Masisi. Jaribu, kaka, chumvi yake inatuliza ulimi.

Kijana wa Himbi: Aksanti Mzee, aksanti Mama. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Jumapili nawasha ya pili, jibini nimeshanunua.