Gumzo la ukoo: medali 11 za Kenya mjini Paris

*Jumatatu, 12 Agosti 2024*

Mjomba Rashidi: Assalamu alaykum, jamaa wote. Michezo ya Olimpiki ya Paris ilifungwa jana usiku, na Kenya imerudi na medali 11: dhahabu nne, fedha mbili na shaba tano. Tumemaliza tukiwa wa 17 duniani na wa kwanza Afrika. Tangu alfajiri nasikia watu wamegawanyika, wengine wakishangilia na wengine wakinung'unika kwamba kule Rio mwaka 2016 tulipata dhahabu sita katika medali 13. Swali langu ni hili: je, 11 ni nyingi au ni chache? Ningependa tulizungumze jambo hili hapa kwa utulivu, kwa kuwa karibu sote tumezitazama mbio hizi usiku baada ya usiku.

Zuleikha: Wa alaykum salaam, Mjomba. Naomba kuweka mbele yenu hesabu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoeleza kikosi hiki. Katika medali 11, saba zimeletwa na wanawake, na katika dhahabu nne, tatu ni zao. Beatrice Chebet ameshinda mita 5,000 na mita 10,000. Faith Kipyegon ameshinda mita 1,500 na kupata fedha katika mita 5,000. Mary Moraa, Faith Cherotich na Hellen Obiri wameleta shaba katika mita 800, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na katika marathoni. Wanaume wameleta nne: dhahabu ya Emmanuel Wanyonyi katika mita 800, fedha ya Ronald Kwemoi katika mita 5,000, na shaba za Abraham Kibiwot na Benson Kipruto.

Zuleikha: Sasa irudieni Rio. Kule pia wanawake walileta medali saba, tatu kati yake zikiwa dhahabu. Wanaume walileta sita, na dhahabu tatu. Kwa hiyo, anayesema kwamba Kenya imeshuka tangu Rio anasema kweli nusu tu. Wanawake wamesimama palepale walipokuwa miaka minane iliyopita, na pengo lote limetokea upande wa wanaume.

Mjomba Rashidi: Hesabu hiyo sikuwa nimeipanga hivyo, mwanangu. Naomba Shangazi Mwanaisha atusaidie, maana yeye amefundisha michezo shuleni miaka mingi na anaikumbuka Kenya ambayo haikuwa na mwanamke hata mmoja kwenye orodha ya medali.

Shangazi Mwanaisha: Naikumbuka vizuri, Kaka. Medali yetu ya kwanza kabisa aliileta Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, Tokyo mwaka 1964. Wanawake walijumuishwa kwenye kikosi mara ya kwanza Mexico mwaka 1968, michezo ileile ambayo Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walishinda dhahabu, na wale wasichana wakarudi mikono mitupu. Tangu hapo ilipita miaka 28 mpaka Pauline Konga alipopata fedha ya mita 5,000 kule Atlanta mwaka 1996, na miaka mingine 12 mpaka Pamela Jelimo alipotupatia dhahabu ya kwanza ya mwanamke, mita 800, Beijing mwaka 2008. Katika miaka hiyo nilikuwa nikiwaomba wazazi wawaruhusu mabinti wakimbie kwenye mashindano ya wilaya, na jibu nililolipata mara nyingi lilikuwa kwamba mbio hazimlishi mwanamke. Ndiyo maana usiku wa mita 10,000, Chebet alipovuka mstari, nilisujudu. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo kabla yake.

Cherono: Habari za asubuhi, Baba Mkwe, Shangazi, na wote. Kwetu Kericho usiku ule hakukulalika. Ningependa walioziona mbio zile kwa harakaharaka wazitazame tena, kwa sababu ushindi wa Chebet haukuwa wa nguvu peke yake. Ni mwanariadha ambaye mwezi wa Mei, kule Eugene, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14 na kuwa mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Angeweza kujaribu kuwachosha wenzake tangu mwanzo. Badala yake alivumilia mbio za taratibu, akakaa karibu na wa mbele mzunguko baada ya mzunguko, akasubiri kengele ya mzunguko wa mwisho, kisha akaondoka katika mita za mwisho na kumaliza kwa dakika 30 na sekunde 43.25, huku Nadia Battocletti wa Italia akiwa nyuma yake kwa sekunde 0.10 tu. Siku nne kabla ya hapo alikuwa amewashinda Kipyegon na Sifan Hassan kwa namna hiyohiyo katika mita 5,000.

Khamis (Muscat): Usiku huo wa mita 5,000 sitausahau. Tulikuwa tumeshafurahia dhahabu na fedha, mara matokeo ya Kipyegon yakafutwa kwa madai kwamba alimzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia waliposukumana njiani. Kenya ikakata rufaa, na baadaye akarudishiwa medali yake. Nilichokistahi zaidi ni kwamba hakuruhusu jambo lile limharibie wiki. Tarehe 10 aliingia fainali ya mita 1,500 akashinda kwa rekodi ya Olimpiki, dakika 3 na sekunde 51.29, na sasa ndiye mtu wa kwanza, awe mwanamume au mwanamke, kushinda dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo katika mbio hizo: Rio, Tokyo na Paris.

Shangazi Mwanaisha: Na kati ya Rio na Tokyo alijifungua, mwaka 2018. Hilo lisemwe kwa sauti mbele ya kila mzazi anayedhani kwamba binti akiolewa au akizaa basi michezo yake imekwisha.

Ami Suleiman: Nawasoma wote na nafurahi, lakini naomba tusiwaonee vijana wa kiume. Dunia imebadilika. Mita 5,000 imechukuliwa na Mnorwe, Jakob Ingebrigtsen, mita 10,000 na Joshua Cheptegei wa Uganda, na marathoni na Tamirat Tola wa Ethiopia. Kila taifa sasa linajua mazoezi ya nyanda za juu, na wengi wanakuja kuyafanyia kwetu. Tena katika mita 10,000 hatujawahi kushinda tena tangu Temu mwaka 1968, kwa hiyo hilo si anguko la leo. Wanyonyi ana miaka 20 tu, naye amemshinda Marco Arop wa Kanada kwa sekunde 0.01, dakika 1 na sekunde 41.19 kwa 41.20. Hiyo ni dhahabu ya tano mfululizo kwa Kenya katika mita 800 za wanaume, tangu Beijing. Taifa lenye mfululizo kama huo haliwezi kuambiwa kwamba wanaume wake wamelala.

Zuleikha: Ami, sikusema wamelala, na ushindi wa Wanyonyi siupunguzii hata chembe. Lakini hoja kwamba dunia imebadilika inawahusu wanawake vilevile. Battocletti ni Mtaliano, na Hassan anayeiwakilisha Uholanzi alipata shaba katika mita 5,000 na mita 10,000, kisha jana akashinda marathoni mbele ya Tigst Assefa na Obiri wetu, jambo ambalo hata mimi niliye Mkenya nimelipigia makofi. Wanawake wetu wamekutana na dunia hiyohiyo, na bado wameshinda mbio tatu.

Zuleikha: Zaidi ya hapo, kuna mbio ambazo zinaniuma kuliko nyingine zote, nazo ni mita 3,000 za kuruka viunzi na maji za wanaume. Kuanzia mwaka 1968 hadi 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, mbio hizo zilikuwa zetu. Dhahabu 11. Tulizikosa mwaka 1976 na 1980 tu, kwa sababu tulisusia michezo yenyewe. Tangu Tokyo zimekuwa za Soufiane El Bakkali wa Morocco, na safari hii hata fedha imekwenda kwa Kenneth Rooks wa Marekani. Kibiwot amepigana kiume kwa shaba yake, wala lawama si yake. Najiuliza ni nani aliyekuwa akiwaandaa vijana wa kumpokea kijiti Conseslus Kipruto, bingwa wetu wa mwisho wa mbio hizo, baada ya Rio.

Khamis (Muscat): Kwa upande wa wanawake, mbio hizohizo hatujawahi kupata dhahabu yake ya Olimpiki hata mara moja. Huku Ghuba jambo hilo linaonekana waziwazi. Mwaka 2016 dhahabu ilikwenda kwa Ruth Jebet, na mwaka huu kwa Winfred Yavi, wote wawili wakiiwakilisha Bahrain na wote wawili wakiwa wazaliwa wa Kenya. Wenzangu kazini walinipa hongera ya Yavi, nami nikaipokea kwa moyo mzito. Simlaumu yeye, kwa kuwa kila mtu hutafuta riziki yake pale anapofunguliwa mlango. Nawauliza wanaopanga mambo yetu kwa nini milango hiyo haikufunguka nyumbani.

Cherono: Hapo ndipo penye jibu la swali la Baba Mkwe, ninavyoona. Usione vyaelea, vimeundwa. Wasichana wa kizazi changu walianza kuona kwamba kukimbia ni kazi. Polisi na jeshi huwaajiri wanariadha wa kike kama wanavyowaajiri wa kiume, na Chebet mwenyewe ni askari polisi. Katika marathoni kubwa mwanamke mshindi hupata zawadi sawa na mwanamume, na mjini Paris shirikisho la riadha la dunia limelipa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha bila kubagua. Msichana wa kijijini akimwona jirani yake amejenga nyumba ya wazazi kwa miguu yake, hahitaji kushawishiwa na mtu. Wavulana nao wanaiona njia hiyohiyo, lakini wengi siku hizi hukimbilia barabarani mapema, kwenye marathoni zenye fedha, wala hawapitii uwanjani. Mbio za viunzi zinahitaji miaka ya kujifunza kuruka na kutua majini, na tuzo zake ni chache.

Ami Suleiman: Maelezo hayo nayakubali, mkwe. Mtu akinyanyuka kutoka uwanjani akiwa na miaka 19 kwenda barabarani, uwanja utabaki mtupu. Hilo sikulifikiria.

Omari: Samahani wazee wangu kwa kuingia kati. Mimi naona tunazungumza kana kwamba Kenya ni riadha peke yake. Medali zote 11 ni za mbio. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamecheza mechi tatu za voliboli na Brazil, Poland na Japani bila kupata seti hata moja. Timu ya raga ya wachezaji saba imemaliza ya tisa. Katika ndondi hatukupeleka hata bondia mmoja, ilhali dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imewahi kupata nje ya riadha ni ya Robert Wangila, bondia, Seoul mwaka 1988. Huku kwetu pwani kuna vijana wenye ngumi nzito, na ukumbi wanaofanyia mazoezi hauna hata jukwaa la kamba.

Mjomba Rashidi: Hoja yako ni ya haki, Omari, wala usiombe samahani. Hata ndani ya riadha kuna wanaosahauliwa. Julius Yego amemaliza wa tano katika kurusha mkuki kwa mita 87.72, na sijasikia redio ikimtaja zaidi ya mara moja. Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 mjini Nairobi mwezi wa Juni, ameishia nusu fainali. Na Eliud Kipchoge, bingwa wa Rio na Tokyo, amejiondoa njiani akiwa na miaka 39, na watu waliokuwa wakimwimba wamekwisha kumsahau kwa siku mbili. Huo si uungwana.

Shangazi Mwanaisha: Omari, nikuongezee jambo moja kuhusu ndondi na voliboli. Wale wasichana wa voliboli wamefuzu Olimpiki mbili mfululizo, Tokyo na Paris, na kufuzu kwenyewe ni kuwa bora Afrika. Wanapokutana na Brazil wanakutana na wachezaji wanaolipwa kucheza mwaka mzima. Ukiyapima matokeo yao, yapime pamoja na hilo. Walichofanyiwa wakimbiaji wa kike, yaani ajira, makocha wa kudumu na safari za mashindano mwaka mzima, wakifanyiwa hao na mabondia wako, tutazungumza lugha nyingine Los Angeles mwaka 2028.

Omari: Nimekuelewa, Shangazi. Basi lawama zangu nazitoa kwa wachezaji na kuzipeleka kwa maandalizi.

Mjomba Rashidi: Mimi nimeridhika kwamba swali langu la asubuhi nililiuliza vibaya. Nilitaka kujua kama 11 ni nyingi au ni chache, na Zuleikha amenionyesha kwamba ndani ya idadi hiyo mna vikosi viwili ambavyo safari zao ni tofauti. Ninawapongeza wanawake wetu kwa moyo wangu wote. Kwa upande wa wanaume, kipimo hakiko mbali, kwa kuwa mashindano ya dunia ya riadha yatafanyika Tokyo mwezi wa Septemba mwaka ujao.

Khamis (Muscat): Mimi nitaanza kwa kutazama fainali ya viunzi na maji, ya wanaume na ya wanawake. Cherono, ukisikia huko Kericho kijana yeyote anayefundishwa mbio hizo kwa dhati, tafadhali tuandikie jina la shule yake hapa, tuone kama ukoo huu unaweza kuchangia hata viatu.

Cherono: Yupo kocha ninayemfahamu ambaye amechimba dimbwi la maji kwa mikono yake na wanafunzi wake. Nitamuuliza wanachokihitaji kwanza, kisha niwaandikie kabla ya Ijumaa.