Tupeane uzoefu: kukodi gari nchi wanakoendesha kulia

Wakuu, salaam. Mwezi ujao dada yangu na mumewe wanakwenda Muscat, Oman, wamepania kukodi gari na kuendesha wenyewe. Naanza na yangu, nanyi mwongeze.

Nimeendesha Dar miaka 12. Nilipokodi gari Oman niliiogopa barabara kuu, kumbe Muscat hadi Nizwa, kama kilomita 160, haikunisumbua: wenzako wote wanakwenda upande mmoja, unawafuata. Balaa lilinikuta siku ya tatu, alfajiri, nikitoka sheli. Barabara tupu. Nikakata kona, nikaingia kushoto kama nipo Mbezi. Mita mia hivi mbele, taa za lori zinanijia usoni. Nikajibana kwenye changarawe, likapita na honi yake, nikazima injini maana mikono ilikuwa inatetemeka. Tangu siku hiyo, kila nikiwasha gari natamka kwa sauti: "Mimi kwenye mstari wa kati." Usukani ukiwa kushoto na wewe uko upande sahihi, dereva ndiye anayekaa karibu na mstari wa kati. Ukijiona uko pembeni kwenye majani, umekosea.

Halafu indiketa. Gari zetu za Japani iko mkono wa kulia, kule iko kushoto. Siku ya kwanza kila nikitaka kukata kona waipa zinafuta kioo kikavu, na aliye nyuma yangu hajui naelekea wapi. Kaeni kwenye maegesho dakika kumi, mzoeze mikono kwanza.

Binti Mtoni
Mimi naishi Muscat. Mwambie dada, kwenye kipilefti wanazunguka kinyume cha saa, na unampisha aliye ndani anayekujia kutoka kushoto. Wakitaka kupanda Jebel Akhdar, wakodi gari la fobai fo kabisa. Kuna kizuizi cha polisi chini ya mlima, gari dogo linarudishwa. Na mvua ikinyesha milimani, wadi (bonde la mto mkavu) linajaa hata kama uliposimama kuna jua. Maji yakikatiza barabara, wasubiri. Kuvuka wadi lililofurika ni kosa la kisheria, na kila mwaka linaua watu.

Dereva wa Ngara
Kwetu mpaka wenyewe ndio mtihani. Unavuka daraja la Rusumo, mto Kagera uko chini yako, ukifika Rwanda unahamia kulia na gari lako la usukani wa kulia. Kuendesha si shida, shida ni kuovateki: umekaa upande wa mtaro, lori la mbele limekuziba, huoni kitu. Mimi nilimkalisha mke wangu kushoto awe ndiye anayechungulia. Akisema "bado", sibishani. Na mwendo uwe ule wa kwenye kibao, kamera ni nyingi.

Mama Dallas
Marekani jihadharini na basi la shule la njano. Likiwasha taa nyekundu na kutoa kibao cha STOP, unasimama hata kama unatokea mbele yake, isipokuwa, kwenye majimbo mengi, barabara iwe imegawanywa katikati kwa tuta. Watoto wanavuka! Na ukisimamishwa na polisi usishuke garini kama tulivyozoea nyumbani. Baki umekaa, mikono kwenye usukani, ungoje akuambie.

Mpita Njia
Piga video gari zima kabla hujaondoka: rimu, chini ya bampa, kioo cha mbele, geji ya mafuta. Mimi nilikatwa dipoziti kwa mkwaruzo nilioukuta, sikuwa na ushahidi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Shemeji ndiye atakayeendesha. Dada nimempa kazi moja: kila wakitoka kupaki amuulize mumewe, "Mstari wa kati uko upande gani?" Wanataka kufika na Salalah, mwezi wa nane, wakati wa khareef, ule msimu wa manyunyu na ukungu. Aliyewahi kuendesha kwenye ule ukungu wa milimani atuambie alifanyaje.