Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft: nilazimishe Windows 11 au nihamie Linux?

Kibodi:
Wakuu, naombeni ushauri. Kompyuta mpakato ni Core i5-7200U, RAM GB 8, diski ngumu ya kuzunguka ya TB 1, Windows 10 22H2. Amri ya tpm.msc inaonyesha TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11), ila kipimo cha Microsoft kinaikataa prosesa. Kazi zake ni Excel yenye makro, barua pepe na intaneti. Nitumie Rufus (programu ya kuandaa flashi ya usakinishaji) kulazimisha Windows 11, au niweke Linux Mint, mfumo endeshi wa bure?

Bisibisi:
Kulazimisha kunawezekana. Orodha ya prosesa za Intel zinazokubaliwa, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8, yako ni ya 7. Rufus inaruka ukaguzi huo unapoandaa flashi, na prosesa hiyo ina SSE4.2 (seti ya maagizo ya prosesa) inayodaiwa na toleo la 24H2 la Windows 11, kwa hiyo itawaka. Kasheshe ni baadaye: Microsoft haikuhakikishii masasisho, na toleo la kila mwaka kwa kawaida haliji lenyewe. Utalipandisha kwa mkono kwa faili ya ISO (nakala nzima ya usakinishaji). Kama huna subira hiyo, usianze.

Waya Mwekundu:
Mnabishania mfumo wakati mgonjwa ni diski! Windows 11 kwenye diski ya kuzunguka ni mateso. Ikiwaka tu, Task Manager inasoma diski 100%. Tafuta SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya SATA, inchi 2.5, unene mm 7, GB 256 kwenda juu. Mfumo mpya usakinishe humo, ya zamani iweke pembeni bila kuigusa. Mambo yakiharibika unairudisha, kila kitu kipo palepale.

Kabla ya kuitoa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikiwa BitLocker (ufungaji wa diski kwa msimbo) imewashwa, nakili ufunguo wake wa urejeshaji wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Zima pia Fast Startup (uwashaji wa haraka), kisha zima mashine kabisa. Usipofanya hivyo Windows inabaki imelala nusu, na Mint itakusomea tu faili za diski hiyo, itakataa kuandika.

Kibodi:
SSD nimekubali. Makro je?

Kokwa:
Hapo ndipo uamuzi wako ulipo. LibreOffice Calc, mbadala wa bure wa Excel, inaendesha sehemu ya VBA, lugha ya makro za Excel. Fomu za UserForm na vitufe vya ActiveX mara nyingi hugoma. LibreOffice ipo hata kwa Windows, kwa hiyo isakinishe leo na ujaribu nakala ya faili lako, si lile lenyewe. Likipita, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha: jaribu Wi-Fi, sauti, printa, halafu funga kifuniko uone kama inaamka. Mint 22 ina masasisho hadi 2029.

Makro yakigoma, baki Windows 10 kwanza. Jiandikishe ESU (mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada) kwenye ukurasa wa Windows Update, upate viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Bado utahitaji mashine nyingine, ila SSD utahama nayo ikiwa mashine hiyo ina nafasi ya inchi 2.5, nyingi mpya zina M.2 pekee, yaani nafasi ya SSD ndogo bapa.