Kikundi cha Ukoo: Shajara Haifunguki

Mama Swafiya: Assalaam alaykum jamaa. Nimebofya jina la shajara ya ukoo kwenye orodha ya faili za karibuni, na programu inaniambia kwamba faili haikupatikana. Nahofia kwamba yote aliyotusimulia Bibi yamepotea.

Khalati: Waalaykum salaam, mwanangu. Majina ya wazee wetu wa Siyu na Pate hayajaandikwa mahali pengine popote. Ami yako yuko wapi atuangalilie?

Ami: Waalaykum salaam. Tulieni kwanza. Ujumbe huo hausemi kwamba faili imefutwa. Unasema tu kwamba haipo pale programu ilipokwenda kuitafuta. Orodha ile huweka anwani peke yake, yaani herufi ya diski, majina ya folda na jina la faili, kwa hiyo kimoja kati ya hivyo kikibadilika, hata kwa herufi moja, programu hubisha hodi kwenye nyumba ya mtaa wa Langoni ilhali wenyewe wamekwisha kuhamia mtaa wa Mkomani. Shajara uliiweka ndani ya kompyuta au kwenye flashi? Nakuomba sana usihifadhi faili nyingine kwa jina lile lile mpaka tuipate.

Mama Swafiya: Iko kwenye flashi, Ami, na flashi nimeichomeka.

Ami: Basi itazame herufi yake. Windows huipa flashi herufi iliyo wazi wakati ule, na ikiwa kuna kifaa kingine kilichotangulia, flashi iliyokuwa E yaweza kuwa F, ilhali anwani bado inataja E.

Mama Swafiya: Kweli, leo ni F, kwa kuwa nilitanguliza kadi ya kamera. Nimeingia kwenye flashi mwenyewe, nikaikuta shajara, nayo imefunguka, alhamdulillahi. Lakini picha za wazee hazionekani. Penye kila picha pana kisanduku chenye alama nyekundu.

Binamu (Mombasa): Shikamoo Ami, shikamoo Khalati. Kwangu pia picha hazionekani, ingawa nililetewa folda nzima ikiwa ndani ya zipu, yaani imebanwa kuwa faili moja.

Ami: Marahaba, mwanangu. Picha hizo hazimo ndani ya hati. Hati inashika anwani zake tu, na anwani hizo nazo zinataja E. Wewe wa Mombasa, ukifungua hati kabla ya kuitoa kwenye zipu, Windows huinakili hiyo peke yake kwenye folda ya muda, na picha hubaki nyuma. Itoe folda nzima kwanza, ingawa hata hivyo huenda usizione mpaka Mama Swafiya amalize kazi hii: afunge hati, aondoe kadi na flashi kwa njia ya usalama, arudishe flashi peke yake, na ikipata E aifungue tena, kisha aingie kwenye orodha ya viungo vya hati na kuchagua kila picha ihifadhiwe ndani ya hati.

Khalati: Picha ya babu yenu mwenye kanzu na kofia ya vito imo?

Mama Swafiya: Imo, Khalati, na zote zimerudi. Ninazihifadhi ndani ya hati sasa hivi.

Ami: Ukimaliza, nakili hati kwenye kompyuta, uitoe flashi, kisha uifungue nakala hiyo. Picha zikionekana hivyo, ndipo umpelekee binamu yako.

Mama Swafiya: Zinaonekana, Ami. Naituma.