Ushauri: nataka kuzunguka vijiji vya Ufaransa kwa baiskeli, peke yangu, barabara zisizo na malori

Binti_Nzega

Wakuu, habari za jioni.

Niko Paris mwaka wa pili sasa, kimasomo. Mwezi wa tisa nina siku sita za mapumziko na nimeamua nitoke na baiskeli niende vijijini kabisa. Baiskeli ni ya mtumba, gia 21, ina keria nyuma na mikoba miwili ya kuning'iniza. Kuendesha hakunisumbui. Baiskeli ya baba nimeanza kuipanda kabla sijafika kwenye siti, mguu nikiupitisha chini ya bomba, wenye umri wangu mnajua.

Kinachonisumbua ni malori. Mwezi uliopita nilifuata simu kutoka mjini, ikaniingiza kwenye barabara ambayo kila lori likipita nilikuwa nahisi mikoba inavutwa. Nikarudi na treni, nimenyong'onyea.

Naomba kujua: njia tulivu mnazipataje? Chakula na maji vipi? Na la mwisho, semeni ukweli, mwanamke mweusi peke yake kwenye vijiji vile inakuwaje?

Msukuma_Mstaafu

Yaani watu tumekimbia baiskeli Shinyanga, wewe umeikuta huko na bado unaing'ang'ania 😂 Subiri wenye nayo waje.

KeriaYaChuma

Dada, mimi ni wa Kahama, kwa hiyo tu majirani. Niko Lyon mwaka wa kumi na moja, nafanya ghalani zamu ya usiku. Kila mwaka nachukua wiki moja narudi mkoa wa Saône-et-Loire, barabara zile zile, mke wangu ananicheka.

Simu iweke mfukoni kwanza. Nunua ramani ya karatasi ya Michelin, ile ya 1:200,000. Barabara nyekundu achana nazo. Za njano, pita asubuhi mapema au kama huna jinsi. Zako ni zile nyeupe, nyembamba kama uzi. Zingine utaona zimechorwa mstari wa kijani pembeni, maana yake mandhari yake ni nzuri, na hapo hawadanganyi. Ukiona vimshale juu ya barabara, huo ni mlima: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya hapo. Vitatu na mizigo, shuka usukume, hakuna anayekuona isipokuwa ng'ombe.

Ukiwa njiani tazama mawe ya kilomita. Jiwe lenye kichwa chekundu ni la barabara ya taifa, yenye herufi N. La njano ni la mkoa, herufi D. Lakini usidhani kila D ni salama: ile D981 inayokwenda Cluny ina magari ya kutosha. Na namba hubadilika ukivuka mpaka wa mkoa, kwa hiyo usikariri namba, kariri majina ya vijiji. Mimi huviandika kwa kalamu kwenye plasta naibandika juu ya usukani.

Njia ninayokupa: panda TER, treni ya mikoani, pale Paris Bercy, shuka Chalon-sur-Saône. Baiskeli unaining'iniza kwa gurudumu la mbele kwenye ndoano, mikoba uishushe kwanza. Hakikisha kabla kama treni hiyo inataka uwe umekata nafasi ya baiskeli. Kutoka Chalon nenda Givry, hapo utaingia njia ya reli ya zamani iliyowekwa lami, kilomita 44 mpaka Cluny. Iko wazi kwa baiskeli tangu 1997, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchi hii. Uzuri wake ni kwamba treni haipandi vilima, kwa hiyo na wewe hutapanda. Utapita Buxy kwenye mizabibu, Saint-Gengoux, Cormatin. Taizé, ile jumuiya ya watawa yenye nyimbo za sala, iko kilimani juu yake tu, kama ni mwimbaji wa kwaya unaijua.

Cluny lala. Kesho yake geukia magharibi, Saint-Bonnet-de-Joux, Charolles, Paray-le-Monial, hapo ndipo barabara nyeupe zinapoanza na ndipo mapaja yatakapolia. Kuna N79 inakwenda upande huo huo, ni ya malori, usiisogelee kabisa. Toka Paray unarudi Chalon kwa kufuata mfereji wa Canal du Centre, tambarare, siku mbili bila haraka.

Sasa nisikilize hapa. Ukitaka barabara isiyo na gari, ujue haina duka pia. Ni kitu kimoja hicho hicho. Gari zimekwenda walikokwenda watu. Mwaka wa kwanza nilitoka Cluny Jumatatu asubuhi bila mkate, nikasema nitanunua mbele. Kijiji cha kwanza, hakuna duka. Cha pili lipo la mikate, shata limeshushwa, karatasi mlangoni: Jumatatu tumefunga. Cha tatu kuna mashine ya mikate pembeni ya ofisi ya kijiji, inataka sarafu, mimi nina kadi. Nilipanda kilima cha Suin nikiwa na ndizi moja niliyoibeba tangu Lyon, imeshakuwa nyeusi, na kule juu upepo unapiga na mandhari ni ya ajabu lakini nilikuwa naiona nusu nusu kwa njaa. Tangu siku hiyo nabeba chakula cha siku nzima mbele. Na maduka yakiwa wazi, saa sita mchana mpaka saa nane hivi yanafungwa.

Maji chukua makaburini. Usishtuke. Karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua, liko getini au ukutani. Soma kibao tu: kikisema "eau non potable", yaani hayafai kunywa, jaza ya kunawia miguu.

La mwisho, kibao cha "gravillons". Wakikarabati barabara ndogo wakati wa kiangazi wanamwaga lami halafu kokoto ndogo juu, wanaachia magari yaishindilie. Mimi niliingia kwenye kona nateremka, nikashika breki ya mbele. Kiwiko hiki ninachoandikia kina kokoto moja mpaka leo, naisikia nikikandamiza.

Bi_Mvita

Mwanangu, mie niko Nantes, nina miaka 52, na huendesha peke yangu. Kaka hapo juu kakueleza vyema ila hakujibu swali lako la tatu, wanaume huliruka hilo.

Watakuangalia. Sehemu ni rangi, sehemu ni ile mikoba, hata wazungu wenziwao wakipita na mikoba hutazamwa. Dawa yake ni "bonjour" uitangulize wewe, kabla ya swali lolote. Ukiingia dukani ukaanza na "naomba mkate" bila bonjour umeshaharibu, hapo hata uwe mweupe kama maziwa. Mie navaa mtandio chini ya helmeti. Katika miaka sita nimepata neno baya mara moja, kutoka kwenye gari lililokuwa linapita, na nimekaribishwa kahawa mara nisizoweza kuhesabu. Beba kibali chako cha ukaazi chenyewe, si picha. Askari walinisimamisha njiani mara moja, wakakitazama, wakaniuliza kama maji yananitosha.

Kulala, tafuta "camping municipal", kambi ya kijiji. Bei ni ndogo, bafu lipo, na jioni hupita mtu wa kijiji kukusanya pesa, basi umeshajulikana kwamba upo. Mie hilo hunituliza kuliko kufuli. Piga simu kwanza lakini, mwezi wa tisa nyengine huwa zimefungwa.

Kwa chakula, kama hutumii nguruwe, tahadhari na mkate wa kununua tayari, wenyewe wanapenda kutia paja la nguruwe na siagi. Mie hubeba samaki wa kopo, jibini, nyanya na pilipili yangu kutoka nyumbani.

Na huo mfereji, KeriaYaChuma, niwie radhi, unachosha. Maji kushoto, miti kulia, saa nne hujaona kitu kipya. Huku kwetu njia ya Loire ni kilomita 900 hivi toka Cuffy mpaka baharini Saint-Brevin, nayo mwezi wa nane imejaa kama feri ya Likoni. Nami bado naikimbia, naingia vijia vya ndani.

KeriaYaChuma

Bi Mvita shikamoo. Mfereji nimeuweka kwa sababu siku ya tano magoti huwa hayataki mandhari tena.

Nilisahau matatu. Pasipo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akiwa ni trekta kutoka kichochoroni. Halafu sisi tumekulia kushoto. Ukitoka kambini asubuhi akili haijaamka, mikono inakupeleka kushoto yenyewe. Na kuanzia mwezi wa tisa kuna wawindaji, Jumapili vaa kizibao cha kung'aa hata mchana.

Binti_Nzega

Asanteni sana, Bi Mvita shikamoo. Je, pampu ya kawaida ya nyumbani itaingia? Valvu zangu ni zile nyembamba za chuma, kichwa kinafunguliwa.

KeriaYaChuma

Haiingii. Nunua kikoche cha shaba, kile cha kuunganisha valvu na pampu, ni senti kadhaa, na usikiweke kwenye mkoba, kifunge kwenye valvu yenyewe kisipotee. Viraka, solusheni, tyubu moja ya akiba.

Binti_Nzega

MREJESHO

Wakuu nimerudi, mzima. Kilomita 231 kwa siku sita.

Kutoka Cluny kwenda Charolles nilihesabu magari kuanzia saa tatu mpaka saa sita: manne, na moja lilikuwa la posta. Ng'ombe wa kule ni weupe wote, wakubwa. Kundi moja lilinifuata upande wa pili wa uzio mpaka mwisho wa shamba, nikisimama wanasimama. Vimshale viwili nilipanda, vitatu nilisukuma. Pancha moja, nyuma, nje ya Charolles, mwiba wa ua uliokatwa. Nilitafuta tundu kwa kupitisha tyubu karibu na mdomo wa juu kama alivyokuwa akifanya fundi wetu pale stendi, kwa sababu maji ya kuitumbukiza sikuwa nayo.

Makaburini nilikwenda mara tano. Mara ya tatu nilimkuta mama mmoja anamwagilia, nikatanguliza bonjour, akanishikia chupa.

Mfereji, Bi Mvita yuko sahihi. Magoti, KeriaYaChuma yuko sahihi.

Kitu ambacho hamkuniambia ni Paray. Kumbe ndiko Mtakatifu Margareta Maria alikotokewa na Moyo Mtakatifu wa Yesu, miaka ya 1670! Bibi yangu Nzega ana picha ile ukutani tangu sijazaliwa, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi hakosi. Nikampigia pale pale nje ya kikanisa, jasho halijakauka. Nikamwambia bibi, niko mahali penyewe, nimefika kwa baiskeli. Akanyamaza. Nikajua analia.

Akauliza, "Na hiyo baiskeli umeiacha na nani?"