Bendi yetu imeandikwa gazetini: je, tukimbilie studio?

Besi wa Ngara aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninapiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya watu wanne hapa Nairobi, isiyo na meneja wala lebo, ambayo kwa miaka mitatu imejilipia chumba cha mazoezi kwa michango yetu wenyewe. Mwezi uliopita gazeti moja lilituandika nusu ukurasa pamoja na picha, na tangu hapo simu hazikomi. Hata mtangazaji mmoja wa redio ameomba wimbo mpya. Tunazo nyimbo tisa: nne zimeiva, na tano tunazibadilisha kila Jumamosi. Wenzangu wawili wanataka turekodi zote wiki ijayo kabla jina halijapoa, ilhali mimi na mpiga dramu tunaona tusubiri. Fedha tuliyo nayo inatosha kuingia studio mara moja tu. Bendi nyingine huru zilifanyaje zilipofika hapa?

Kanda za Zamani alijibu:

Hongereni sana, mdogo wangu. Mfano ninaoupenda ni wa bendi ya roki ya Fugazi wa Washington, D.C. Walianza mwaka 1987, rekodi zao zikitolewa na Dischord, lebo ambayo mwimbaji wao Ian MacKaye aliianzisha pamoja na Jeff Nelson mwaka 1980, na walijitahidi miaka yote tiketi zao zisipande sana juu ya dola 5. Baada ya bendi ya roki ya Nirvana kuvuma mwaka 1991, waandishi na lebo kubwa waliigeukia kila bendi ya aina hiyo, lakini Fugazi walikataa mahojiano na magazeti yaliyobeba matangazo ya pombe na sigara.

Katikati ya vishindo hivyo, mwaka 1992, walikwenda Chicago kwa Steve Albini, fundi wa kurekodi aliyeheshimiwa mno katika muziki huo. Walikusudia kujaribu nyimbo chache, wakatoka na albamu nzima. Waliporudi nyumbani na kuisikiliza kwa utulivu, haikuwaridhisha, na Albini mwenyewe akakubaliana nao. Wakaiweka kando, wakarekodi upya katika Inner Ear, studio ya Don Zientara huko Arlington, Virginia, pamoja na prodyuza Ted Niceley. Hiyo ndiyo *In on the Kill Taker* ya mwaka 1993, albamu yao ya kwanza kuingia katika Billboard 200, orodha ya albamu zinazovuma Marekani. Wao waliweza kurekodi mara mbili. Ninyi hamna nafasi hiyo, kwa hiyo kosa lenu lifanyike katika chumba cha mazoezi, ambako ni rahisi kulirekebisha.

Msikilizaji wa Kampala alijibu:

Namheshimu kaka hapo juu, ila nina la kuongeza. Bendi ya Clap Your Hands Say Yeah wa Brooklyn walitoa albamu yao ya kwanza wenyewe mwaka 2005, na Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, walipoipa alama 9.0 kati ya 10, santuri ilikuwa tayari ipo na wao wenyewe waliwatumia wanunuzi kwa posta. Sifa ziliwakuta na kitu mkononi. Ya pili, waliyorekodi na Dave Fridmann na kuitoa mwaka 2007, ilipokelewa kwa ubaridi zaidi. Hata kundi la Duma wa huko kwenu Nairobi waliandikwa hadi Ulaya kwa sababu albamu yao, iliyotolewa hapa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020, ilikuwapo ya kusikilizwa. Msikae kimya mwaka mzima.

Fundi wa Mitambo alijibu:

Rekodini zile nne tu. Studio hulipwa kwa saa, na kwa bendi ya roki saa nyingi huliwa na dramu. Niliwahi kupokea bendi ambayo nyaya za snea (ile dramu yenye nyaya chini yake) zililia kila besi ilipoguswa. Tulihangaika saa mbili nzima tukibadilisha maikrofoni, kumbe ni skrubu moja iliyolegea. Wekeni ngozi mpya za dramu siku chache kabla ili zizoee kukazwa, andikeni kasi ya kila wimbo kwenye daftari, na mpige nyote kwa pamoja chumba kimoja, kwa kuwa nguvu ya bendi kama yenu hupotea kila mtu akirekodiwa peke yake.

Besi wa Ngara alijibu:

Nawashukuru sana, nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana usiku, na tumekubaliana: zile nne zitarekodiwa mwisho wa mwezi, mojawapo itapelekwa redioni, na zile tano zitabaki Jumamosi. Mpiga dramu amekwenda kununua ngozi. Kesho nitakaa karibu na snea yake na besi yangu, nipige noti moja moja kuanzia ya chini kabisa, tusikie ni ipi inayoliza nyaya.