Mrejesho: Gari la mkononi na mkataba wa "hakuna kudai"

Wakuu, narudi na mrejesho wa lile gari la mkononi nililouziwa Dar kwa mkataba wa "hakuna kurudisha wala kudai", kumbe kilomita za kwenye dashibodi zilirudishwa nyuma ili lionekane limetembea kidogo. Wakili alinitoa hofu: kifungu cha 19 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeridhia kwa kudanganywa haki ya kuutengua mkataba, hata kama ameshasaini. Kilichonibeba hasa ni ujumbe wa WhatsApp ambamo muuzaji mwenyewe alinihakikishia kilomita ni halisi. Alipopokea notisi ya madai alifoka, kisha akaomba tuzungumze. Amerudisha fedha, kasoro gharama za kuhamisha umiliki. Asanteni sana mlionizuia nisiliuze kwa hasira. Ningeliuza, ningebaki bila gari la kumrudishia muuzaji mkataba unapotenguliwa.